Taya la Ambwene na Kikapu Kilichorudi

Wasikilizaji wapendwa, mugonile. Mko salama? Mimi nipo, kiti ni kilekile, na chai imeshapoa kabla sijainywa kama kawaida yangu.

Leo tunamkumbuka kondakta. Si mbunge, si askofu, si mchezaji wa mpira. Kondakta. Kama uliwahi kupanda kosta ya asubuhi kutoka stendi ya Kyela kwenda Mbeya, huenda uliwahi kumkabidhi mtu huyu mzigo wako, ukakaa zako kwenye kiti ukasinzia bila wasiwasi.

Jina lake Ambwene. Mzaliwa wa Ngana. Ameondoka akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Ameacha mke, Atupele, na watoto wawili, Neema na Emanueli. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: tunamkumbuka Ambwene, kondakta, mzaliwa wa Ngana.

Habari hizi amenipa Atupele mwenyewe. Nilikwenda kwake Jumatano, tukakaa barazani. Alinisimulia huku akichambua mchele kwenye ungo. Hakulia. Mimi nilikuwa nimeweka leso mfukoni tayari kwa kazi hiyo, nikairudisha nyumbani kavu. Alisema, "Mtangazaji, usinionee huruma. Sijisikii kitu. Nikijisikia nitakuita." Kisha akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Basi tuanze naye alikoanzia yeye.

Atupele alimjua Ambwene kwa sauti kabla ya sura. Wakati huo alikuwa msichana, anapeleka ndizi za mama yake stendi. Ukifika sokoni tu unaisikia: "Tukuyu, Kiwira, Uyole, Mbeyaaa! Ukae, usimame, Mbeyaaa!" Wapiga debe walikuwepo wengi, lakini hiyo sauti ilizipita nyingine zote juu kwa juu. Siku alipomwona mwenye sauti alicheka. Alitegemea jitu la miraba minne, kumbe ni mwanaume mwembamba, shati limemzidi, kalamu sikioni.

Yule mwembamba akampokea mikungu ya ndizi, mmoja mmoja, akaipanga kwenye keria, juu ya paa la gari, na kuiwekea majani makavu ya migomba isichubuke. Atupele akamwambia, "Kaka, si ndizi tu hizo?" Akajibiwa, "Dada, abiria ana mdomo wa kulalamika. Mzigo hauna. Mimi ndiye mdomo wa mzigo."

Mama yake Atupele aliposimuliwa maneno hayo hakuuliza ukoo wala shamba. Alisema, "Mwanaume asiyechubua ndizi za watu, mkaribishe nyumbani." Wakafunga ndoa mwaka uliofuata, kanisani, na kosta nzima ya wapiga debe ikaja kuimba vibaya.

Kuna jambo moja dogo la kazi hii nataka mlishike, maana tutalihitaji mbele. Kondakta huongea na dereva kwa mkono. Hugonga bodi ya gari. Kwenye gari la Ambwene, ukigonga mara mbili, maana yake twende. Ukigonga mara moja, simama. Mbili, twende. Moja, simama. Dereva wake, Yotamu, aliyefanya naye kazi miaka kumi na mitatu, aliniambia hata uwanja ujae honi na redio na wauza karanga, mgongo wake unausikia mkono wa Ambwene.

Na nyumbani vilevile. Akitoka alfajiri alikuwa anagonga mlango mara mbili, twende, watoto wajue baba kaenda kazini. Emanueli akimwaga uji, baba anagonga meza mara moja. Mtoto anasimama palepale na kijiko hewani.

Sasa tufike Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka huu.

Asubuhi hiyo alikuja stendi bibi mmoja kutoka kule mwambao wa ziwa, anaitwa Jeni. Bibi Jeni ni mfinyanzi. Alikuwa na vyungu kumi na kimoja, anavipeleka Mbeya. Wanaomjua wanasema chungu chake ukikigonga kwa ukucha kinajibu. Ambwene alivipandisha mwenyewe, akavifunga kwa majani, akaviweka kwenye keria mahali pake.

Gari limejaa, Yotamu yuko kwenye usukani, na hapo akafika mfanyabiashara wa mchele na magunia yake manne. Jina lake silitaji. Mahakama imeshalitaja, inatosha. Akataka magunia yapande keria, juu ya vyungu.

Ambwene akamwambia, "Shikamoo baba. Hapa juu kuna vyungu. Magunia yaje na gari la pili, linaondoka muda si mrefu."

Yule bwana akasema, "Unajua unaongea na nani?"

Ambwene akasema, "Najua, baba. Ila gunia likipasuka linashonwa. Chungu hakishonwi."

Watu wakacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichoharibu. Mtu mzima kuchekwa stendi, mbele ya wapiga debe, ni jambo zito kwa wengine. Spana ya magurudumu ilikuwa chini, karibu na tairi la nyuma. Yule bwana aliinama, akaiokota, akampiga Ambwene nayo upande wa kushoto wa uso.

Mara moja tu. Taya lilivunjika sehemu mbili.

Narudia, wasikilizaji, ili tusichanganye mambo. Alikuwa kazini. Alikuwa amevaa sare. Alikuwa analinda mzigo wa abiria. Alipigwa kwa chuma, akavunjika taya sehemu mbili.

Mwenye bajaji mmoja alimbeba mpaka polisi, wakapewa fomu ya PF3, ile ya matibabu ya mtu aliyeshambuliwa, halafu hospitali, halafu rufaa Mbeya. Na vyungu? Vyungu vilifika Mbeya vyote kumi na kimoja, vizima. Yotamu alivishusha mwenyewe, kimoja kimoja.

Atupele aliletewa habari akiwa anaanika kokoa uani. Jirani alikuja mbio, anahema juu juu: "Mama Neema, mumeo kapigwa, kavunjwa taya!" Atupele akamwambia, "Haya." Kisha akamalizia kugeuza kokoa iliyobaki kwenye mkeka. Yote. Ndipo akanawa mikono, akachukua khanga na kwenda. Aliniambia mpaka leo hajui kwa nini aliigeuza ile kokoa.

Madaktari walimfunga Ambwene taya kwa waya. Wiki sita asifungue mdomo. Uji kwa mrija, supu kwa mrija. Mtu ambaye kazi yake ni mdomo, kafungwa mdomo. Alirudishwa Ngana, akalala chumba cha ndani, na akitaka kitu anaandika kwenye daftari la Neema la hesabu.

Mwenye gari alikuja mara moja kumwona. Akasema pole. Akasema pia, na Atupele ameyashika maneno yake kama yalivyo, "Hii si ajali ya kazini. Huu ni ugomvi wa watu wawili." Hakurudi tena.

Yashikeni maneno hayo. Ugomvi wa watu wawili.

Jumapili ya tatu, baada ya ibada, wageni wakaingia uani. Walikuwa wanne. Mbele alitangulia mzee Anyosisye, mtu anayeheshimika, msuluhishi wa mashamba na ndoa za watu. Nyuma yake wazee wawili. Wa mwisho alikuwa Lucy, mke wa yule mfanyabiashara, na kikapu kichwani.

Atupele na Lucy wanafahamiana. Wameimba kwaya moja, sauti ya pili, bega kwa bega. Lucy alipiga magoti, akashusha kikapu. Mchele, mpya, wa Kyela halisi, unanukia mpaka mlangoni. Akasema, "Dada, tumekuja kuwapa pole. Sina maneno mengine."

Sasa niambieni ninyi. Wewe mama uliyelelewa Ngana, au Katumba Songwe, au popote katika bonde hili. Mtu mzima kapiga magoti kwako na kikapu cha mchele. Unafanya nini?

Atupele alifanya alichofundishwa na mama yake. Alipiga magoti naye. Alipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Ndaga. Ndaga fijo." Asante. Asante sana.

Na hapo, kutoka chumba cha ndani, ukasikika mkono ukigonga ukuta. Mara moja.

Atupele alidhani mgonjwa anataka maji. Akampelekea maji na mrija, akayaweka kando ya kitanda, akatoka haraka maana ana wageni. Hakumtazama usoni. Kisha akamimina mchele kwenye ndoo yake, na kwa kuwa kikapu cha mtu hakirudi kitupu, akakata vichane vitatu vya ndizi, akaviweka ndani, akamtwisha Lucy. Mzee Anyosisye akaomba sala fupi. Wakaagana vizuri. Atupele akarudi jikoni akiwa na amani, anasema, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne.

Jioni Ambwene alimwandikia kwenye daftari: NANI KASEMA NDAGA?

Atupele akasema, "Mimi."

Akaandika: NILIGONGA MOJA.

Atupele aliniambia kwamba hapo ndipo alipoacha kujisikia. Hakusema alihuzunika. Hakusema aliogopa. Alisema, "Mwili ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa, ila ni mimi mzima." Akakaa ukingoni mwa kitanda na daftari mapajani mpaka uji ukaungua.

Na wiki iliyofuata ilikuja barua. Ilikuwa imeandikwa vizuri, na sahihi za wazee watatu. Ilisema pande mbili zimepatana. Ilisema mke wa mjeruhiwa, kwa niaba ya mumewe asiyeweza kusema, amepokea zawadi, ameshukuru kwa kinywa chake, na amerudisha kikapu kikiwa na ndizi, ishara ya udugu. Nakala ilikwenda kwa wakili wa mfanyabiashara. Kesi ilikuwa tayari imefunguliwa mahakamani, shambulio la kudhuru mwili. Wakili akasema ataomba iondolewe, watu wameshapatana.

Atupele akaenda kwa mzee Anyosisye kwa miguu. Akamwambia, "Baba, nimekuja kuirudisha ile ndaga."

Mzee akacheka, si kwa ubaya. "Binti yangu, ndaga hairudishwi. Mchele umeshaula."

"Nitanunua mwingine."

"Na ndizi zako je? Wamezila pia. Yaishe, mwanangu. Yaishe."

Wasikilizaji wapendwa, neno hilo yaishe nalipenda na nalichukia. Limezuia vita nyingi kwenye koo zetu. Lakini mara nyingi anayeambiwa yaishe ni yule aliyelala chini. Aliyesimama haambiwi, yeye yameshamwishia.

Atupele akaenda mahakamani. Hakuwa anajua aanzie mlango gani. Alielekezwa kwa mwendesha mashtaka, dada mmoja mwenye sauti ya chini. Atupele akamweleza yote, kikapu, ndaga, ndizi. Yule dada akamsikiliza, akauliza swali moja: "Mumeo amesamehe?"

"Hapana. Aligonga moja."

Ikabidi aeleze na hilo.

Yule dada akamwambia hivi, na mimi nawaambieni kwa lugha rahisi. Kesi ya kumpiga na kumjeruhi mtu inaendeshwa na Jamhuri. Aliyepigwa ni shahidi. Kwa hiyo ndaga ya mke peke yake haiifuti kesi. Lakini, akasema, ipo nafasi ya mahakama kuhimiza watu wapatane, hasa shambulio likiwa dogo au jambo likiwa la kibinafsi. Wakili atasema huu ni ugomvi wa watu wawili, wamepatana, tusiwachonganishe. Sisi lazima tuonyeshe kwamba hawakupatana, na kwamba hili halikuwa la kibinafsi. Mtu alipigwa kazini.

Atupele akauliza, "Makondakta wana sheria yao?"

Akajibiwa, "Mama, sheria ya kupiga watu ni hiyohiyo moja, ya waziri na ya konda. Kazi ni kuifikisha stendi."

Wakati huo Ambwene alikuwa ameshafunguliwa waya. Taya lilipona, lakini lilipona kombo. Sauti haikurudi. Alikuwa anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, polepole. Mwezi wa saba alirudi kwenye gari, kwa sababu Yotamu alimwambia mwenye gari waziwazi kwamba hataendesha na konda mwingine. Kupiga debe hakuweza tena. Alinunua firimbi. Wenzake stendi walimtania, "Refa kafika!" naye anawaonyesha kadi nyekundu ya kufikirika. Ndivyo alivyokuwa. Lakini nyumbani, anasema Atupele, alikuwa hagongi tena mlango alfajiri. Anaufunga taratibu na kwenda.

Hakuwahi kumlaumu mkewe. Hilo nilimuuliza mara mbili. Mara zote mbili alijibu, "Afadhali angenilaumu."

Shauri lilisikilizwa mwezi wa tisa. Atupele akasimama kwenye kizimba cha mashahidi. Wakili alikuwa mpole. Alimwita mama.

"Mama, ulipokea kikapu cha mchele?"

"Nilipokea."

"Ulisema nini?"

"Ndaga."

"Kwa Kiswahili?"

"Asante."

"Kikapu kilirudi kitupu?"

"Hapana. Niliweka ndizi."

"Kwa mila zenu, mama, mtu ambaye hujamsamehe unamwekea ndizi kwenye kikapu?"

Atupele akaangalia juu, kwenye feni. Kisha akasema, "Hata mwizi akiniletea kikapu changu mwenyewe, nitamwekea ndizi. Nilifundishwa hivyo. Sikufundishwa kukirudisha kitupu." Akaambiwa ashuke.

Akapanda bibi Jeni. Alitoka mwambao siku moja kabla, akalala kwa Atupele, chumba kimoja na Neema. Alivaa gauni la kanisani. Akaulizwa alichokiona. Akasema, "Hawa hawakugombana. Yule kijana alikuwa anafanya kazi yangu. Vyungu ni vyangu. Angeviacha vivunjwe, leo ana meno yake yote." Wakili akauliza kama anamfahamu Ambwene kindugu. Bibi akasema, "Simjui hata ukoo. Mimi nilimpa vyungu, akaviweka. Basi."

Mwisho akapanda Ambwene. Ilichukua muda. Karani aliomba arudie mara kwa mara. Hakimu akamuuliza moja kwa moja: je, amepatana na mshitakiwa?

Ambwene akasema, kwa ule upande mmoja wa mdomo, "Mheshimiwa, mke wangu alishukuru mchele. Alifanya vizuri, mchele ulikuwa mzuri. Taya ni langu. Sijalishukuru kwa mtu."

Atupele alikuwa amekaa benchi la nyuma. Aliposikia "alifanya vizuri" aliinamisha kichwa. Aliponisimulia hilo, ndiyo mara pekee katika mazungumzo yetu mikono yake iliacha kuchambua mchele.

Mahakama ilikataa kuifuta kesi. Hakimu alisema aliyepigwa hakuridhia chochote, na kwamba jambo lililotokea kazini, juu ya mzigo wa abiria, si ugomvi wa watu wawili. Kesi ikaendelea. Upande wa pili ukajitetea. Ikapangwa tarehe ya hukumu.

Siku tisa kabla ya tarehe hiyo, Ambwene alifariki.

Taya halikumuua. Nalisema hili waziwazi maana stendi watu wanasema mengi. Ilikuwa malaria. Alirudi kutoka kazini Ijumaa anatetemeka, akasema ni uchovu. Jumapili akapelekwa hospitali, ikawa imeshapanda kichwani. Jumanne asubuhi, akiwa mikononi mwa mkewe na wauguzi wawili, akaenda. Homa ya siku tano. Ugonjwa tunaoujua sisi sote wa bonde hili, unaotuchukulia watu kila msimu.

Atupele alifanya mambo ya msiba kama mtu anayefanya zamu. Aliuliza kama maharage yamekolea chumvi. Aliosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Kinamama walinong'ona kwamba ana roho ngumu, wakamwambia, "Lia, dada, utapasuka." Akawaambia, "Nikimaliza hivi vikombe." Madereva walisindikiza jeneza kutoka mjini hadi Ngana, magari kumi na manane, taa za tahadhari zinawaka, hakuna aliyepiga honi. Yotamu aliendesha la mbele. Anasema kilichomshinda ni ukimya wa bodi. Kila kona alisubiri mkono.

Lucy hakuja mazishini. Tuliambiwa alishauriwa asije, kwa kuwa kesi ilikuwa haijaisha.

Hukumu ilisomwa tarehe ileile iliyopangwa. Shahidi hayupo, lakini ushahidi wake ulikuwepo, umeandikwa. Mshitakiwa alipatikana na hatia ya shambulio la kudhuru mwili. Kifungo cha mwaka mmoja jela, na fidia kwa familia. Narudia: ana hatia, kifungo cha mwaka mmoja. Atupele alikuwa benchi lilelile la nyuma. Nikamuuliza alijisikiaje. Akasema, "Niliangalia feni." Kisha akasema, "Nilisubiri nifurahi, haikuja, nikapanda gari nikarudi."

Jumapili iliyofuata, mchana, Lucy alifika Ngana. Safari hii peke yake. Hakuna mzee, hakuna sala. Kikapu ni kilekile, Atupele alikitambua kwa mshipi wake wa kijani. Ndani mchele, mpya, unanukia. Lucy akapiga magoti uani, akasema, "Dada, nimekuja kwa ajili ya msiba. Nilichelewa. Sikuletwa na mtu."

Atupele anasema alimtazama, akamwonea huruma kwa mbali, kama unavyomwonea huruma mtu uliyemsikia redioni. Samahanini, ndivyo alivyosema. Akapiga magoti. Akapokea kwa mikono miwili. Hakusema ndaga. Akaingia ndani, akamimina mchele kwenye ndoo. Ndizi zilikuwepo, mkungu mzima umeegemezwa mlangoni, zimekomaa, kisu kiko juu yake. Akasimama hapo. Hajui alisimama muda gani.

Halafu akakigeuza kikapu juu ya ndoo, akakigonga kitakoni punje za mwisho zitoke. Mara moja.

Akatoka nacho nje, akampa Lucy. Kitupu.

Lucy alikishika. Akatazama ndani, kwa muda. Hakuna mama wa bonde hili anayehitaji kuelezwa alichokiona mle. Kisha akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Ndaga." Akakiweka kichwani hivyohivyo kitupu, akashuka njia ya barabarani.

Atupele alirudi ndani, akakaa chini kando ya ndoo, na hapo, wasikilizaji, ndipo alipolia. Alilia mpaka Neema akatoka mbio kumwita jirani. Mimi nilimkuta siku tatu baadaye, kakauka tena, anauchambua mchele uleule. Kwa hiyo leso yangu ilikuwa imechelewa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Atupele, kwa Neema na Emanueli, kwa Yotamu na wenzake wote wa stendi, tunatoa pole. Poleni sana. Na kwako Lucy, kama unasikiliza, pole na wewe. Hukumpiga mtu.

Na ninyi abiria, mimi nikiwemo. Jina Ambwene kwa Kinyakyusa maana yake ni Ameniona. Miaka mingapi tulimpa mizigo yetu bila kumtazama usoni? Konda, dereva, kijana wa bodaboda, akipigwa mbele yako, usiseme ni mambo yao. Mpeleke akachukue PF3. Andika ulichokiona. Nenda ukaseme, kama bibi Jeni alivyotoka mwambao na gauni lake la kanisani. Na kabla hujamwambia yaishe, muulize kwanza aliyelala chumba cha ndani.

Desturi ya redio hii ni kumaliza kumbukumbu kwa wimbo. Leo hakuna wimbo. Mkono wangu uko juu ya meza ya studio, karibu na kipaza sauti. Nitagonga mara moja, halafu tutanyamaza kidogo, sote, popote tulipo.

Sikilizeni.